Ada ya Kuwekewa Kiti

Odeta aliingia ukumbini jua likiwa bado la utosini. Mafundi walikuwa wanafunga spika. Alikwenda moja kwa moja safu ya mbele, akakaa, na kiti cha pembeni yake akakitandika kanga. Juu ya kanga akaweka Biblia, feni isije ikaipeperusha. Akashusha pumzi. Kazi ilikuwa imekwisha.

Ndivyo alivyofanya tangu kwaya ya Mkuyuni ilipoanza tamasha lake la kila mwaka. Siku zile tamasha lilikuwa la hapo hapo kanisani, kwenye mabenchi ya mbao yaliyokuwa yakichana sketi za watu. Tiketi ilikuwa kikaratasi chenye muhuri wa kanisa, na ukishakinunua, pa kukaa utajua mwenyewe. Getruda, rafiki yake aliyeimba naye sauti ya pili kabla hajaolewa Nansio, kisiwani Ukerewe, alikuwa akituma salamu kwa watu wa meli: "Mwambieni Odeta aniwekee." Odeta alitandika kanga. Meli ikichelewa, watu wakajaa mpaka madirishani, hakuna aliyeigusa kanga ile. Getruda aliingia wimbo wa kwanza ukiwa umeshika moto, akapenya katikati ya magoti ya watu, akakaa, nao wawili wakaanza kuimba chini chini kama vile wamerudi wenyewe jukwaani. Tangu mumewe alipofariki, Odeta hakuwa na jioni nyingine ya namna ile katika mwaka.

Mwaka huu kwaya ilikuwa inatimiza miaka arobaini, na kamati ikakodi ukumbi mjini. Tiketi zilinunuliwa kwa simu: shilingi elfu kumi, na juu yake elfu moja na mia tano ya "ada ya huduma". Odeta alimwuliza katibu wa kwaya, Obedi, aliyefundishwa na Odeta mwenyewe shule ya Jumapili, hiyo ni huduma gani.

"Ya kukuwekea kiti, mama."

"Ananiwekea nani?"

"Kampuni. Yaani, mfumo wao."

"Huo mfumo umewahi kushinda na njaa ukilinda kiti cha mtu?"

Obedi alicheka. "Mama, mwaka juzi tulichapa tiketi wenyewe. Wenye tiketi za kughushi waliingia wengi kuliko waimbaji. Wewe ulikuwa umekaa mbele, hukuona vurugu za mlangoni."

Odeta hakununua. Pesa alikuwa nayo. Ila moyoni aliona ni vibaya kulipia jambo ambalo watu wa Mungu wametendeana bure miaka yote. Aliomba juu ya jambo hilo wiki nzima, na kila alipoinuka magotini aliona akilini kanga yake ikiwa pale pale juu ya benchi. Akampigia Getruda: "Wewe panda meli. Kiti kipo." Hizo elfu kumi kumi zao angelipa mlangoni.

Jioni ukumbi ulianza kujaa. Mwanamke mmoja akaja mpaka mbele yake na simu mkononi. Alikuwa Hellen, muuza dagaa wa sokoni Mkuyuni, ambaye alisali naye kanisa moja.

"Bwana asifiwe, mama."

"Amina. Umependeza leo."

"Asante. Hicho chenye kanga ni changu."

"Hiki cha Getruda, yuko njiani. Kaa hapo pengine, viti viko vingi."

"Namba yangu ndiyo hiyo." Hellen akamwonyesha simu, kisha namba iliyobandikwa mgongoni mwa kiti. "Na ulichokalia kina mwenyewe. Nimemwacha nje ananunua maji."

"Hellen, sisi ni wa kanisa moja. Tugombee kiti?"

"Hatugombei, mama." Hakupandisha sauti. "Mwaka niliohamia kutoka Sengerema nilikuja mapema, nikakuta kanga. Nikarudi nyuma, nikakuta koti la mtu. Nikasimama ukutani. Mwaka uliofuata nikaja mapema zaidi, kanga ikawa imenitangulia tena. Ule ukuta wa kanisa naujua kuliko fundi aliyeujenga."

"Si ungesema? Ningekuwekea."

"Ningekuambia kama nani? Uliokuwa unawawekea walikuletea machungwa ya Ukerewe, wengine sato. Mimi mgeni, nina beseni la dagaa wa mkopo. Hiyo elfu moja na mia tano imeniuma, sikudanganyi. Lakini simu haikuniuliza mimi ni rafiki wa nani."

Odeta alifungua mdomo aseme kwamba yale machungwa hayakuwa malipo. Lakini aliyaona machungwa yale kwenye ndoo ya Getruda, mengine yakiwa na majani yake. Akaona samaki sato wa mzee Ngosha, ambaye naye aliwahi kumwekea kiti, amefungwa kwa kamba ya katani. Hakuwahi kurudi nyumbani mikono mitupu. Wala hakuwahi kugeuka kuangalia ni nani waliosimama ukutani, maana macho yake yalikuwa jukwaani.

Akachukua Biblia, akakunja kanga.

"Kaa, mama," akamwambia Hellen. "Kaa vizuri, uwaone."

Mlangoni alimkuta Obedi amezungukwa na watu.

"Nataka viti viwili."

"Vimebaki viwili tu, mama, na haviko pamoja. Kimoja katikati, kimoja mwisho kabisa. Na ada ni ile ile, hata hapa tunakata kwa simu."

"Kata." Alipokwisha kulipa akasema, "Ila elfu moja na mia tano ni nyingi, Obedi. Hellen anauza dagaa wangapi kuipata? Kakaeni tena na hiyo kampuni."

"Tutakaa. Na wewe uje kwenye kikao, uwaulize kuhusu njaa."

Getruda alifika akihema, kitenge kimelowa pindo kwa maji ya ziwa.

"Kiti changu kipo?"

"Kipo, lakini siyo kile. Na hatukai pamoja."

Getruda alikamua pindo la kitenge. "Odeta, nimevuka maji yote yale nije nikae na mtu nisiyemjua?"

"Ni ukaidi wangu. Ningenunua mapema tungekaa pamoja. Nenda, chako ni cha katikati."

"Na wewe?"

"Mimi nipo huko nyuma."

"Utaona nini huko nyuma?"

"Nitakuja kukusimulia."

Kiti cha mwisho kilikuwa kimeegemea ukuta. Kwaya iliposimama, Odeta aliona vichwa tu, na juu ya vichwa, mikono ya mwalimu wa kwaya ikipanda na kushuka. Wimbo wa kwanza ulikuwa ule wa zamani, ambao yeye na Getruda waliufanyia mazoezi kwenye mawe ya ufukweni, wakiwa wasichana, ndoo za maji zikiwasubiri. Machozi yalimlenga. Akatafuta kitambaa cha kichwa cha Getruda, asikione.

Jirani yake, mwanamke kijana asiyemfahamu, alimwinamia. "Mama, huu wimbo unaujua?"

"Naujua. Nilikuwa sauti ya pili."

"Mimi ni mgeni hapa. Nisaidie na mimi niushike."

Odeta akasogeza kiti, akamkaribia sikioni, akaanza kumwimbia mstari wa kwanza, polepole.