Bulletin Bila Sahihi

Alhamisi asubuhi, mjomba wao, tonton Lucien, alipofika nyumbani Kasha kusema kwamba misa ya kumwombea Placide kama marehemu iandikwe kwa Jumamosi, Fabiola alikuwa mezani akiupa mchezo wa nyuki alama zake.

Ulikuwa mchezo wa kompyuta, na haukuwa ule mkubwa wa vita au mpira unaotangazwa dunia nzima. Yeye na kaka yake Placide walipenda midogo, inayotengenezwa na mtu mmoja au wawili chumbani mwao, kisha ikawekwa kwenye mtandao atakaye aichukue. Miaka mitatu walicheza kwenye laptop moja iliyovunjika bawaba, imeegemezwa kwenye kopo la maziwa ili kioo kisianguke. Kila mchezo uliokwisha ulipewa bulletin, ripoti ya alama sawa na ile ya shule: Application, yaani bidii, Conduite, yaani mwenendo, asilimia, na chini kabisa uamuzi, unapita au unarudia darasa. Alama iliyo chini ya hamsini iliandikwa kwa wino mwekundu. Na kama shuleni, bulletin isiyosainiwa na mzazi haikuhesabika. Tangu baba yao afariki, Placide ndiye aliyesaini bulletin za Fabiola hadi akamaliza sekondari na kuingia chuo kikuu, kwa hiyo za michezo pia zilikuwa kazi yake. "Nimesoma, nakubali," aliandika. Au: "Nimesoma, nakataa. Rudia kucheza."

Miezi minne sasa hakuna aliyesaini. Siku vita vilipoufikia mji, Placide alikuwa Mudaka, kwenye shule alikofundisha informatique, somo la kompyuta, na hakurudi. Fabiola alizipiga picha bulletin zake moja moja na kumtumia kwenye simu. Zilikuwa kumi na mbili. Kila moja ilibaki na tiki moja ya kijivu, haikufika, maana simu ya upande wa pili ilikuwa imezimwa.

Mchezo wa muuza supu kwenye kituo cha treni: 72. "Picha nzuri, mvuke wa sufuria unauona mpaka unasikia njaa. Lakini wateja wanasema maneno yale yale." Mchezo wa mtu anayekufa shimoni na kuamka tena mwanzoni, mara mia: 20, nyekundu. "Muziki mzuri, mikono inafurahi. Lakini kaka, ni uongo. Anayekwenda harudi hivyo hivyo, amepanguswa vumbi, kana kwamba hakuna aliyemlilia." Na huu wa nyuki: 48, nyekundu. "Unakutaka ungoje bila kukuambia unangoja nini."

Aliweka kalamu chini.

"Batu bote benye balikuwa Mudaka siku ile balirudi," tonton Lucien alikuwa anasema. "Ao balirudi, ao tulibazika. Placide njo amebaki. Mupaka lini, Georgette? Hata kilio hatujafanya. Batu banauliza."

Mama yao, maman Georgette, alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, hakuinua macho. "Baulize tu. Midomo ni yabo."

"Na roho yake je? Itabaki inazunguka bila misa?"

"Tonton," Fabiola alisema, na sauti ikamtoka ndogo kama kawaida yake mbele ya wakubwa. "Usimuandike kwa marehemu. Tafazali."

"Mutoto wangu, uko na habari yake?"

"Hapana, tonton."

"Unafanyaka nini pale kwa machine siku muzima? Michezo! Kaka yako amepotea, weye unacheza."

Fabiola alifungua mdomo aeleze mambo ya sahihi na wino mwekundu, akaona jinsi yatakavyosikika, akaufunga.

Mama yake ndiye aliyejibu. "Lucien, enda kwa paroisse ukaandikishe. Minachoka. Kila siku minapikaka sahani yake, minaifunika, asubuhi minakula baridi." Akamgeukia binti yake. "Kama uko na kitu cha kunionyesha, nionyeshe mbele ya Jumamosi. Kama hauna, nitavaa nguo nyeusi, na weye utavaa."

Tonton Lucien alivaa kofia yake akateremka kuelekea parokia. Alikuwa mzito wa kutembea. Kwenda tu kulimchukua saa nzima na zaidi.

Fabiola alirudi kwenye laptop. Hakuwa na cha kuonyesha. Alikuwa na mchezo mmoja tu uliobaki, ule ambao kidole chake kiliupita kila siku bila kuugusa: Fundi wa Mvua.

Ulikuwa mchezo alioupenda Placide. Wewe ni fundi viatu katika mji ambamo mvua haikatiki. Watu wanaleta viatu, unavishona, wanaondoka, basi. Placide aliupa 80. Fabiola alicheza nusu akaupa 45, nyekundu, akaandika: "Hakuna kinachotokea." Wakabishana asubuhi ile ile ya mwisho, yeye bado na mswaki mdomoni.

"Sisaini," Placide alisema akifunga kamba za viatu. "Unahukumu mutu mbele hajamaliza kusema? Maliza kwanza."

"Mbona unachosha hivi? Mchezo wako unasinzisha kama cours yako darasani!"

"Kichwa ngumu. Maliza, tutaonana jioni."

Tangu siku hiyo hakuufungua. Kuumaliza peke yake ilikuwa kama kula ile sahani iliyofunikwa. Lakini sasa Jumamosi ilikuwa imekaribia, na kama Placide angeandikwa kati ya marehemu, basi Fabiola angebaki na deni moja la maneno ambalo hakuna misa ingelilipa. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na simu yake Fabiola ilikuwa imekwisha chaji. Betri ilionyesha asilimia thelathini na moja. Akaufungua.

Alishona buti la askari. Akashona ndara ya mtoto. Mvua ikanyesha. Safari hii, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumcheka, aliangalia dirisha la duka, ambalo zamani hakuliangalia kamwe. Nje, kwenye tope, nyayo zilipita. Alizitambua: kiraka kile cha pembeni alikishona yeye. Watu wale waliokuja na kuondoka walikuwa wanaendelea na maisha yao huko nje, wanapita na kurudi, na fundi hakuwaona kwa sababu kichwa chake kilikuwa kimeinama kwenye kazi. Mchezo ulipokwisha betri ilikuwa kumi na moja.

Aliandika bulletin upya. Application 85. Conduite 80. "Nilisema hakuna kinachotokea. Vitu vilikuwa vinatokea nje ya dirisha. Unapita. Nisamehe."

Kuituma kwenye simu ya Placide iliyozimwa hakuweza tena. Alitaka angalau mtu mmoja duniani aisome, hata mgeni. Akachomeka modem, akafungua ukurasa wa mchezo kwenye mtandao, pale wachezaji wanapoacha maoni yao. Maoni yalikuwa machache, ya lugha asizozijua. Akateremka. Kisha akaona Kiswahili.

"Fabiola. Simu waliichukua njiani. Namba yako sikuishika kichwani, wala ya mama, na compte zangu zote za mtandao zinataka code inayotumwa kwenye simu ile ile; hapa tu hawaiombi. Niko mji wa Baraka na wakimbizi wengine, muzima, mguu unauma. Najua siku moja utamaliza huu mchezo. Weka bulletin hapa, nitasaini. P."

Wiki saba zilizopita. Na chini yake, ya wiki tatu zilizopita:

"Bado? Kichwa ngumu. Wanatuhamisha kesho, sijui wapi. Nikipata mtandao nitaangalia tena."

Baada ya hapo, hakuna kitu.

Fabiola alilia kwa sauti, yeye ambaye hulia ndani ya kitenge. Wiki saba alikuwa akimwita kwenye mlango uliofungwa, na kaka yake amesimama kwenye ule mwingine, ambao yeye aliukwepa kwa woga na kiburi.

Maman Georgette alikuja mbio na ungo mkononi. Alisomewa mara mbili. Mara ya tatu alisoma mwenyewe, kidole juu ya kioo.

"Wiki tatu," alisema. "Kwa wiki tatu mutu anaweza kufa, Fabiola."

"Ndiyo, mama."

"Anaweza pia kuwa anangoja." Akajifunga kitenge upya, kwa nguvu. "Mimi nafwata Lucien. Anatembeaka kama kobe, nitamupata. Batamutoa kwa marehemu, bamuweke kwa benye bako safarini. Weye andika. Weka namba yangu!"

"Ni ngapi, mama?"

Mama yake alisimama mlangoni, akahangaika. Wala yeye hakuijua. Ilikuwa imeandikwa kwa mkaa ndani ya mlango wa kabati, kwa mwandiko wa Placide.

Betri: nne. Fabiola aliinakili namba, akaongeza yake, akabandika bulletin chini ya maneno ya kaka yake. Duara dogo lilizunguka, likazunguka. Maoni yakaonekana. Sekunde chache baadaye kioo kikawa cheusi.

Alichukua daftari la bulletin, na kwenye mstari wa sahihi ya mzazi hakuandika kitu. Kisha akaenda jikoni, akayasafisha maharage yaliyomwagika, akaanza kupika kwa sahani tatu.