Masikio na Amplifaya ya Mdogo Wake

Fundi huyu walimwita Masikio, na si kwa ukubwa wa masikio yenyewe, ingawa nao ulikuwepo wa kutosha. Redio ikilia nyumba ya tatu, yeye anakwambia spika ya kushoto imechanika. Mtu akinunua muziki mpya, yaani redio na spika zake, humletea ausikilize kwanza. Masikio akisema "huu wenyewe," basi ni wenyewe. Akikunja uso, mtu anaurudisha dukani bila kuuliza swali.

Mdogo wake walimwita Sindano, kwa wembamba. Walizaliwa tumbo moja na walifanya kazi karakana moja, ila kaka alitengeneza vya watu, na mdogo alikuwa na kichaa chake. Mwaka mzima alikuwa akiunda amplifaya, mashine ya kukuza sauti, ya klasi D, hizi za kisasa ambazo hazichemki hovyo kama za zamani, kwa sababu ndani yake umeme huwashwa na kuzimwa kwa kasi ambayo jicho haliioni. Koili za waya alizisokota kwa mkono, vidole vimejaa alama za kuungua. Mke wa Masikio alikuwa akimtania, "Shemeji, wewe ukioa utamsokota na mke!" Sindano anacheka mpaka anakohoa.

Basi Sindano akapata kazi mgodini, mbali huko, mkataba wa miaka. Hakuitaka hata kidogo. Wakati huohuo mwenye kumbi za sherehe akaja kutafuta amplifaya za kumbi zake zote. Sindano akasema wazi mbele ya kaka na shemeji, "Mzee akichukua yangu, mgodini siendi, nabaki hapa tufanye kazi. Asipochukua, kesho naondoka. Siwezi kuzeeka nakula kwa kaka huku nasokota koili."

Mwenye ukumbi naye alisema yeye muziki haujui, anajua kucheza tu. Atachukua ile atakayoichagua Masikio: ya Sindano, au ya dukani, nayo klasi D vilevile, inang'aa kama sufuria mpya.

Hapo presha ikampanda Masikio. Watu watasema nini? Kwamba kampendelea ndugu yake! Akaona dawa ni moja, asijue anasikiliza ipi. Akatundika shuka, akamweka mkewe nyuma yake awe anahamisha nyaya za spika na kuita "ya kwanza" na "ya pili". Kabla ya hapo alizungusha vitufe vya sauti kwa mkono wake mwenyewe, vyote viwili vikasimama katikati kabisa.

"Umeona mwenyewe, mzee," akamwambia mwenye ukumbi. "Hakuna ujanja hapa."

Sindano akafungua mdomo. "Kaka, labda tungepima kwanza na..."

"Wewe ndiyo kabisa usiseme kitu! Unataka watu watufikirie vipi?"

Sindano akasogea pembeni.

Ulipigwa wimbo wa mwanamke mmoja na gitaa zito. Ya kwanza ililia vizuri, hakuna wa kulalamika. Ya pili, loo! Sauti iliruka mbele, gitaa likagonga kifuani. Wakarudia, mke akachanganya mpangilio, Masikio akaonyesha ileile. Ni kweli katika hiyo kulikuwa na kitu kilichomkera. Kila mara mwimbaji alipofika kwenye "s", sauti ilipiga filimbi kama birika linalotaka kuchemka. Aliisikia vizuri sana. Lakini akajiambia, moyo unabahatisha kwamba hii si ya Sindano, huo ni undugu unatafuta sababu, akausukuma pembeni.

"Hii," akasema, akanyoosha kidole.

Mkewe akatoka nyuma ya shuka uso umemshuka. Ilikuwa ya dukani.

"Fundi, wewe huna upendeleo hata chembe!" Mwenye ukumbi alimpiga bega. Na Masikio, jamani, alifurahi. Tusimfiche, alifurahi kweli, mdogo wake amesimama palepale. Asubuhi yake Sindano alipanda gari akaenda zake.

Siku chache baada ya kumaliza kuzifunga zile za ukumbini, Masikio alibaki na moja ya dukani ya akiba mezani. Aliiweka kitufe katikati, akapima kwa mita umeme unaokwenda kwenye spika. Kwa kuwa ya Sindano ilikuwa palepale, akaipima nayo, kitufe katikati. Namba ikaja chini. Akabadilisha betri ya mita, namba ikaja ileile.

Akakaa kwenye stuli. Kila fundi wa sauti anajua kwamba sikio hupenda chenye sauti kubwa. Ongeza kidogo tu, kiasi ambacho msikilizaji hakitambui, atakuapia kwamba hicho ndicho safi zaidi. Yeye mwenyewe alikuwa akiwafundisha wengine! Vitufe vilisimama sawa, lakini ndani moja ilikuwa inasukuma zaidi. Mtu mzima hovyo, amedanganywa na kitufe.

Akazisawazisha kwa mita. Akamwita mkewe, wakatundika shuka tena. Safari hii ya dukani ilipiga filimbi tu, na katika ile nyingine mwanamke alikuwa anaimba humo chumbani. Akaichagua hiyo, na waliporudia akaichagua tena. Mkewe akachungulia. Alikuwa anafuta machozi kwa pembe ya shuka.

"Mama watoto, nimefanya nini mimi?"

"Mpigie," akasema.

Masikio alimwaga yote kwenye simu kwa pumzi moja. "Ya kwako ndiyo yenyewe. Rudi nyumbani, mdogo wangu."

"Mkataba nimeshasaini, kaka."

"Nitaongea na mwenye ukumbi."

"Si umeshamfungia zile za dukani?"

Kweli alikuwa ameshamfungia. Mashine zilikuwa zinanguruma huko alikokuwa Sindano.

"Nilijua, kaka," akasema. "Ilipolia tu nilijua hazikuwa sawa."

"Sasa si ungesema!"

"Ulininyamazisha. Halafu nikakuangalia, nikaona umekunja uso kwenye ile 's'. Nikasema moyoni, kaka ameisikia, atarudia. Mara ukaukunjua, ukanyoosha kidole."

"Niliogopa watu waseme nakupendelea."

Mtu alimwita Sindano kwa nguvu, akajibu "Naja!" Kisha akarudi kwenye simu, na hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Ungenipendelea tu, kaka. Mara moja. Nani angekufa?"

Kisha mdogo wake akasema amsalimie shemeji, akakata.