Randa Iliyosimama Saa Kumi na Dakika Kumi

Jumatano, tarehe 12 Machi 2025. Asubuhi hiyo ukungu ulilala juu ya mashamba ya chai ya Marani hadi saa tatu, manyunyu mepesi yakapita, kisha jua likatoka bila haraka. Job Okemwa alimaliza kuchuma chai yake, akapeleka majani kituoni, yakapimwa. Badala ya kurudi nyumbani, alishika njia ya sokoni, hadi kwa Obadiah, muuza skrapu.

"Karani, nimekuwekea mgonjwa," Obadiah alisema.

"Anaumwa wapi?"

"Kila mahali. Hata kisu hana."

Ilikuwa randa ya chuma, ya kulainishia mbao, nyekundu kwa kutu mwili mzima. Mpini wa nyuma haukuwa ule wa kiwandani. Fundi fulani alikuwa ameuchonga upya kwa mti wa mparachichi. Okemwa aliigeuza, akapuliza vumbi, akauliza ilikotoka.

"Ilikuja na mabati yenu ya zamani, ya kanisa," Obadiah alisema. "Sikuuliza mengi. Chuma ni chuma."

Okemwa alikuwa na miaka hamsini na minne, na hakuwa fundi. Alipenda tu vifaa vya mafundi vilivyotupwa. Alikuwa akiviloweka kwenye siki siku nzima, akavisugua kwa brashi ya waya na msasa, akavipaka mafuta, kisha akakaa navyo kwenye kibanda nyuma ya jiko akitafuta kuvijua: muhuri wa kiwanda, mahali mpini ulipolika kwa vidole, na zile herufi za jina ambazo kila fundi wa milima ile hugonga kwa msumari ili kifaa kisipotee. Akishakijua kifaa, aliandika kadi: kinaitwaje, kilitengenezwa wapi, kazi yake ni nini, mwenyewe ni nani. Alikuwa na kadi sitini na tatu. Kabla ya kuanza kila kifaa alisali, kwa kuwa aliamini hakuna kitu kilichopitia mikononi mwa mtu kikabaki chuma kitupu.

Kuandika kwenyewe alikujua akiwa na miaka arobaini na mmoja, katika darasa la jioni la ngumbaru. Mwalimu Nehemiah Ochoki alimshika mkono na kuuongoza juu ya herufi hadi zikasimama zenyewe. Mwalimu huyo ndiye mwenyekiti wa baraza la kanisa lao la Wasabato la kilimani, na ndiye aliyempa Okemwa ukarani wa baraza hilo. Okemwa hakuwahi kumaliza sala bila kulitaja jina lake.

Kufikia Alhamisi jioni randa ilikuwa safi. Kwenye ubavu, mahali pa jina, Okemwa aliona pamesuguliwa kwa tupa hadi pakang'aa. Kuna mtu aliyetaka isijulikane ni ya nani. Akaandika kadi, na penye mwenyewe akaacha wazi.

Ijumaa saa mbili asubuhi, randa ikiwa juu ya rafu, bila kisu na bila ubao chini yake, ilianza kutoa maranda, yale maganda membamba ya mbao.

Persis, mke wa Okemwa, ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa ameingia kibandani kutafuta jembe.

"Baba Phanice," aliita, "chuma chako kinafanya kazi. Njoo na ufagio, mimi nimeshafagia yangu leo."

Okemwa alikuja na ufagio. Maranda yalitoka kwenye mdomo wa randa yakiwa mapana na yamejikunja vizuri, yakaanguka sakafuni moja baada ya jingine. Randa ilisimama saa nne kwa dakika kumi hivi, ikaendelea. Saa saba ikasimama kwa saa moja. Saa kumi na dakika kumi ikasimama tena, na safari hii randa lililokuwa likitoka lilibaki linaning'inia, nusu ndani nusu nje. Jumamosi yote ilikaa kimya. Jumapili saa mbili asubuhi lile lililoning'inia lilimalizika kutoka, na kazi ikaendelea.

"Basi mwenyewe hakuwa Mkatoliki," Persis alisema.

Okemwa alikuwa amefikia hapo pia. Alichukua orodha ya mafundi wa milima ile aliyokuwa ameiandika akimtafuta mwenyewe na kuyafuta majina yote ya watu wasioshika Sabato. Yalibaki majina manne. Kisha akachukua konzi ya maranda, akayapeleka mwangani. Yalikuwa ya saiprasi, ila saiprasi ya zamani, yenye tundu za dumuzi mfululizo. Upande mmoja yalikuwa na rangi ya buluu.

Rangi hiyo kila muumini wa kilimani aliifahamu. Ilikuwa ya darasa la watoto lililobomolewa kwa sababu mbao zake zilikuwa zimeliwa. Mbao hizo zilitangazwa kuwa kuni. Wakati huo waumini walikuwa wakichangia mbao mpya za paa la kanisa, na fundi wa paa hilo alikuwa Mose Anyona, mmoja wa wale wanne.

Okemwa aliketi juu ya ndoo. Mose alianguka kutoka kwenye paa hilo Agosti ya mwaka juzi. Jumamosi asubuhi waumini waliofika mapema walimkuta amelala chini ya kenchi ya tatu ya paa, amekufa, randa ikiwa chini ya kifua chake. Juma lililofuata baraza lilikutana, Mwalimu Nehemiah akasema maneno, na Okemwa akayaandika katika kitabu cha kumbukumbu kwa mwandiko wake mzuri: *Ndugu Mose Anyona alianguka akifanya kazi siku ya Sabato, kwa siri. Kanisa halihusiki.* Mose alizikwa bila mchungaji na bila nyimbo. Tangu hapo watoto wanaotaka kukata majani ya ng'ombe siku ya Sabato huambiwa habari zake. Mjane wake, Gesare, huketi benchi la mwisho, karibu na mlango, na aliposema anataka vifaa vya mume wake aliambiwa vilipotea.

Okemwa alingoja Ijumaa ya pili ipite, kwa kuwa hakutaka kukosea. Jumatatu hadi Alhamisi randa ilifanya kazi hadi saa kumi na mbili jioni. Ijumaa ilisimama saa kumi na dakika kumi, randa likining'inia.

Jumatatu aliiweka randa ndani ya gunia, akavuka kijito kwenda kwa Gesare. Randa ilikuwa kazini, na maranda yalitoka kwenye mdomo wa gunia na kuanguka njiani. Watu aliokutana nao walimsalimia na kumpisha. Kuku wawili walimfuata hadi darajani.

Gesare alikuwa akimenya ndizi. Okemwa aliiweka randa juu ya kigoda na kueleza kila kitu kwa utaratibu. Gesare aliendelea kumenya. Saa nne randa iliposimama, alifuta mikono kwenye leso.

"Amesikia chai," alisema. "Nilikuwa nampelekea saa nne kila siku, hata akiwa juu ya paa. Na Ijumaa inaacha saa ngapi?"

"Saa kumi na dakika kumi."

"Yaya, hapana. Mose huyu? Ijumaa alikuwa anafanya kazi mpaka jua liguse mlima. Tulikuwa tunagombana. Mimi nimepasha maji ya kuoga, Sabato iko mlangoni, yeye anasema ubao mmoja tu, mama Sharon, ubao mmoja." Aliangalia mlimani. "Jua halikuwa limefika mlimani saa hiyo, ndugu karani."

"Halikuwa."

"Kwa hiyo alianguka Ijumaa. Alilala hapo Ijumaa jioni na usiku wote. Mimi nilimtafuta kwa kaka yake, nikamtafuta sokoni. Nilipita mpaka getini pa kanisa. Lilikuwa limefungwa kwa kufuli, nikajua hakuna mtu ndani."

Okemwa aliangalia chini. Randa ilianza tena, na randa la kwanza likaanguka juu ya kiatu chake.

"Sitaki vingine," Gesare alisema. "Hata vifaa vyake sitaki. Sharon anaposwa. Wale watu watakuja kanisani kuuliza habari za baba yake, na watafunguliwa kile kitabu chako. Nataka lile neno Sabato litoke. Basi."

Baraza lilikutana Jumapili, tarehe 30, saa nane mchana, ndani ya kanisa. Walikuwa wazee saba na Okemwa karani, na Gesare aliruhusiwa kuingia akapewa kiti pembeni. Okemwa aliiweka randa juu ya meza. Kwa kuwa ilikuwa siku ya kazi, ilikuwa inafanya kazi. Jemimah, kiongozi wa mashemasi wa kike na mmoja wa wale saba, alisogeza Biblia yake ili isifunikwe na maranda.

Mwalimu Nehemiah alifungua kwa sala ndefu. Kisha akaokota randa moja kati ya yaliyoanguka mezani, akaligeuza, akalinusa, akalitazama lile doa la buluu.

"Ni za darasa la watoto," alisema. "Mbao za paa zilikuwa hizo. Mpya zilichelewa, halafu zikaenda kwingine. Mose alinikatalia mara mbili. Nikamwambia azipige randa, zitakuwa kama mpya."

Wazee walitikisa vichwa. Mmoja aliangalia juu, kwenye kenchi, kisha akarudisha macho mezani.

"Na Ijumaa?" Gesare aliuliza.

"Nilikuwepo," Mwalimu alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, ileile ya darasani. "Ubao ulikatika akiwa juu yake. Nilimwona chini. Jua lilikuwa linakwenda, dada yangu, na mimi nilikuwa sijaoga, sijapiga viatu rangi, na wageni wa Sabato walikuwa wanalala kwangu. Nikasema moyoni, amepumzika, ataamka. Nikafunga geti ili vifaa visiibwe. Asubuhi haikuwezekana kusema ni Ijumaa bila watu kuuliza nani alifunga geti."

Randa ilitoa randa refu kuliko mengine yote, likashuka mezani hadi magotini mwa Jemimah, naye akalikunja na kuliweka kando.

"Mungu atusamehe," Jemimah alisema.

"Amina," walisema wote.

Kisha wakaingia katika ajenda. Mzee mmoja alitaka kujua kama ni halali kifaa cha marehemu kufanya kazi katika nyumba ya ibada. Okemwa aliwahakikishia kwamba kinashika Sabato vizuri, kuliko baadhi ya walio hai, na watu wawili wakacheka kidogo. Wakakubaliana kibaki stoo, na maranda yatumike kuwashia moto jikoni mwa akina mama. Jemimah aliomba darasa la watoto, lililokuwa sasa likifanyika ndani ya kanisa, lihamishwe kutoka chini ya kenchi ya tatu. Likahamishwa, na sababu haikuandikwa. Paa litawekwa wakfu mwezi wa Juni kama lilivyopangwa, kwa kuwa barua za mwaliko zilikwisha kupelekwa kwa makanisa ya Nyaramba na Kiogoro.

"Na kitabu?" Gesare aliuliza.

"Kumbukumbu zilisomwa zikathibitishwa," Mwalimu alisema. "Zikishathibitishwa, baraza hili haliwezi kuzigusa. Ndio utaratibu. Lakini tutakuwa tukikuombea, wewe na Sharon."

Gesare alisimama. Hakupaza sauti. Hakumtazama Mwalimu, alimgeukia Okemwa.

"Ndugu karani, si yeye aliyeandika. Ni wewe. Kitabu kiko mbele yako na kalamu unayo. Sema mbele ya hawa watu, ili siku moja wasiseme hawakusikia. Utaandika Ijumaa, ama hutaandika?"

Okemwa alikifungua kitabu. Alipata ukurasa, akaona mwandiko wake, kila herufi imesimama wima. Aliweka ncha ya kalamu juu ya lile neno. Akaomba kimoyomoyo apewe nguvu, akangoja, kalamu ikabaki mahali pake hadi wino ukaanza kutengeneza doa. Mwalimu Nehemiah, mwenye miaka sabini na mmoja, anayepanda kilima hicho kila siku bila fimbo na bila kuhema, alikuwa akimtazama kwa upendo. Okemwa aliinua kalamu.

"Nitaandika," alisema.

"Lini?"

Okemwa alisimama na kuinua mkono wa kulia. Wazee wote saba walimgeukia, akazungumza polepole, kwa sauti iliyosikika vizuri juu ya kelele ya randa.

"Naahidi mbele za Mungu, mbele yako dada Gesare, na mbele ya baraza hili: siku tutakayomzika Mwalimu, tukishanawa mikono, nitakuja hapa, nitafungua kitabu hiki, na nitaandika Ijumaa."