Bwana Wake

Neno moja tu lilimtia Karani matatani miaka kumi na miwili, na wala si tusi. Ni neno ambalo watu hulitumia tangu kunapokucha: hapana bwana, njoo bwana, wacha bwana. Lingekuwa tusi, afadhali. Tusi unalisikia, unakasirika, yanaisha.

Karani alikuwa mwanamke wa ofisi ya vizazi na vifo, dirisha la pili, na jina lake la kuzaliwa lilikwisha kusahaulika huko mtaani. Miaka thelathini aliandika watoto wa watu: jina, tarehe, uzito, mama, baba. Siku moja akihamisha daftari za zamani kutoka kabati lililoingiwa na mchwa, akafungua moja kupangusa vumbi, mara macho yakatua juu ya jina la mama yake mzazi. Moyo ukamruka.

Lazima moyo uruke, maana mama yake alikuwa mtoto asiyejulikana baba. Bibi yake Karani alifariki mama akiwa na miaka minne tu. Akalelewa na mama yake mkubwa, mwanamke mwema lakini mgumu kama kisigino, ambaye kila alipoulizwa habari za baba alijibu, "Usiulize." Akaenda kaburini na usiulize yake. Kumbe daftari halikukatazwa. Kwenye safu ya kazi ya mama mzazi paliandikwa: Dobi, kwa Bwana fulani, na huyo fulani ni tajiri mwenye nyumba ya ghorofa, mtu aliyeogopwa mpaka na mbwa wake. Chini yake, kwenye safu ya jina la baba, mwandiko uleule: Bwana wake.

Basi, Karani akajumlisha moja na moja. Dobi, na bwana wake. Msichana wa kazi, na mkubwa wa nyumba. Nani asiyejua hadithi za namna hiyo zinavyokwenda? Na kwa kuwa alikuwa mwepesi wa macho na mwepesi zaidi wa mdomo, jioni hiyohiyo akaenda kumwambia mama, akidhani ukweli ni dawa. Dawa gani! Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa ndani ya unga, kisha akasema polepole:

"Kwa hiyo mama yangu, kila akinitazama, alikuwa anamwona yule aliyemlazimisha."

Hakulia, wala hakumlaumu Karani. Alikanda unga wake akamaliza. Ila tangu siku ile mama, aliyekuwa hodari wa kucheka mpaka majirani wanagonga ukuta, akawa mtu wa kujibu "ndiyo" na "hapana". Akiambiwa amependeza, alitazama pembeni. Karani alitamani sana atukanwe. Kutukanwa kuna mwisho wake.

Miaka ikapita. Mama akafika sabini na tisa, kifua kikaanza kumsumbua, na Karani akabakiza miezi minane astaafu. Ndipo lilipoanza kumkosesha raha wazo moja: mama ataondoka duniani na sumu niliyomnywesha mimi, kwa mkono wangu, nikiwa nimevaa kitambulisho cha serikali.

Ikatokea watu wa maabara moja ya vinasaba wakaja ofisini kuulizia daftari za zamani. Kazi yao kusaidia watu kutafuta ndugu waliopotea. Mkubwa wao alikuwa bwana mmoja mrefu, mpole, mwenye miwani inayoteleza. Karani akamkamata koridoni.

"Nikikuletea mate ya bibi kizee, utaweza kuniambia baba yake alikuwa nani? Baba mwenyewe alishakufa, hata kaburi hatulijui."

"Aliyekufa hatumpimi, mama. Tunawapima walio hai, tunaangalia nani anagusana na nani kwa damu, na kwa kiasi gani. Wazima ndio wanaotupeleka kwa wafu."

"Na kama tayari kuna mtu tunayemdhania?"

"Mlete mjukuu wake. Na mlete mtu mmoja wa upande wa bibi yako, tuweze kutenganisha mama na baba."

Wa upande wa bibi hakuwa na shida. Mjomba, mtoto wa yule mama mkubwa wa usiulize, alitema mate bila hata kuuliza ya nini. Kazi ilikuwa kwa mama mwenyewe.

"Mate yangu?" mama alisema. "Yaliyobaki nimeyaweka ya kumtemea mtu."

"Mama, tafadhali. Huenda nilikosea."

"Na kama hukukosea?"

Mama akamwangalia binti yake, mwanamke mzima wa miaka hamsini na tisa aliyesimama mlangoni na kichupa kama mtoto aliyetumwa dukani, akamhurumia.

"Mficha uchi hazai. Lete hicho kidude," akasema. "Na umwambie huyo Fundi Mate wako asinihesabie povu."

Jina likamganda yule bwana wa maabara mpaka leo.

Akabaki mjukuu wa tajiri. Alikuwa daktari wa meno, na Karani alikwenda kwake mwenyewe. Utamwambiaje mtu asiyekujua kwamba babu yake ni mshenzi, tena umwombe na mate? Aling'atang'ata maneno pale mapokezi hata akashindwa kujieleza. Muuguzi akadhani ni maumivu, akampeleka moja kwa moja ndani. Kuja kushtuka, yuko chali kwenye kiti, kitambaa kifuani, taa usoni.

"Fungua mdomo," Daktari akasema.

Akaufungua, na yote yakatoka: bibi, daftari, dobi, bwana wake. Daktari akaweka kioo chake pembeni. Kisha akavuta kiti akaketi.

"Nyumbani kwetu babu hasemwi kwa sauti," alisema. "Hakuwa malaika. Kama ni kweli, mama yako ni shangazi yangu, na nitakuja kumpigia magoti. Niachie kichupa." Akachukua tena kioo. "Na kwa kuwa ulishafungua, lile gego la chini kushoto limetoboka. Usiliache."

Majibu yalichukua wiki sita. Wiki sita hizo Karani hakuwa mtu. Aliandika tarehe kwenye safu ya uzito, na mtoto wa watu akawa na kilo thelathini na moja. Wenzake walimcheka, naye akacheka nao. Alijua alichokifanya. Alikuwa amefukua jambo ambalo pengine lingeweza kuachwa na shaka kidogo, na shaka wakati mwingine ni blanketi. Majibu yakija mabaya, hata hiyo mama atakuwa amenyang'anywa, na mnyang'anyi ni yuleyule.

Siku ya siku ikafika. Chumba cha Fundi Mate kilikuwa na meza mbili, jokofu linalonguruma na kiti kimoja cha wageni. Fundi Mate akageuza kompyuta upande wa Karani.

"Mama yako na Daktari hawagusani."

"Hawagusani kidogo au?"

"Hawagusani kabisa. Yule mzee angekuwa baba yake, ingeonekana tu, haina pa kujificha. Hapa hakuna kitu."

"Hakuna kitu namna gani?"

"Mama, hakuna kitu ni hakuna kitu."

Karani alishika ukingo wa meza. Alisikia kitu kikimtoka mabegani, akataka kucheka, akataka kulia, mwisho akapiga chafya. Lakini furaha haikukaa hata dakika mbili. Kama si tajiri, ni nani? Na alikuja kwa njia gani? Nyumba kubwa ile haikuwa na mwanamume mmoja tu.

"Kuna jambo jingine," Fundi Mate akasema, akisukuma miwani juu. "Kuna mkunga mmoja mstaafu, mtu wa mji mwingine, alipima kwetu mwaka jana. Yeye na mama yako wanalingana kama watoto wa ndugu wawili. Mjomba wako hamgusi hata chembe, kwa hiyo si upande wa bibi. Ni upande wa baba. Nimempigia simu, karibu anipasue sikio."

Mkunga alikuja nyumbani kwa mama Jumamosi asubuhi, mwanamke mnene wa miaka sabini na mbili, sauti ya mtu aliyezoea kusema "sukuma" na watu wakasukuma. Karani alimpokea nje, akamweleza mambo yote, na kumwomba kwamba kama habari ni mbaya aimeze. Mkunga akamsogeza kando kama pazia, akaingia. Akamwona mama kitini, akasimama palepale.

"Jamani!" akasema. "Mama yangu huyu hapa!"

"Sijakuzaa mimi," mama akajibu. Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote wiki hiyo.

Mkunga akacheka, akaketi bila kukaribishwa, akashika mkono wa mama na hakuuachia tena.

"Dada, mimi nilipima kwa ajili yako. Sikukujua, lakini nilipima kwa ajili yako. Mama yangu alikuwa na kaka mmoja tu, mjomba wangu mimi, fundi wa kuezeka mapaa. Sikumkuta, nilizaliwa baadaye, lakini mama alinisimulia mpaka ningeweza kumtambua kwa mwendo. Alikwenda kuezeka nyumba ya tajiri mmoja. Akarudi nyumbani siku moja anang'aa. Akamwambia dada yake, nimepata mke, ni dobi kulekule kazini, ana mimba, mwisho wa mwezi namleta mumwone. Mwisho wa mwezi haukufika. Alianguka kutoka paa lile."

Mama akasogea ukingoni mwa kiti.

"Watu wetu walikwenda kumtafuta mke," Mkunga akaendelea. "Wakaambiwa ameshafukuzwa, nendeni zenu. Na tungemtafutaje tena? Jina lake hatukulijua! Mjomba alikuwa na ujinga huo, Mungu amrehemu. Siku zote alizokaa nyumbani aliimba mke wangu anapenda hiki, mke wangu kasema kile, mke wangu, mke wangu, mpaka watu wakachoka. Jina hakulitaja hata mara moja."

Hapo Karani alijipiga kofi la paji la uso, wakamgeukia wote wawili.

"Mke wangu," alisema. "Mke wangu! Na bibi naye... Lo, mimi mpumbavu!"

Maana alikuwa ameliona akilini dirisha lile la zamani, na foleni, na msichana mwenye kichanga na msiba mbichi. Karani wa zamani anauliza bila kuinua kichwa: baba wa mtoto nani? Msichana anajibu: bwana wangu. Anataka kusema mengine, lakini nyuma watu wanasukumana. Karani yule anaandika alichosikia, akigeuza wangu kuwa wake kama wanavyogeuza makarani wote duniani, kama alivyogeuza Karani wetu mwenyewe mara elfu: mtu akisema mtoto wangu, andika mtoto wake, akisema bwana wangu, andika bwana wake. Hata mafunzoni aliwafundisha hivyo vijana! Neno moja, mkubwa wa kazi na mume wa mtu, na yeye akaenda kuchagua lile baya kwa sababu tu lilikaa chini ya jina la tajiri. Kila siku anasikia wanawake sokoni wakisema bwana wangu hivi, bwana wangu vile, na hajapata kufikiri wanamsema mwajiri.

Alimweleza mama yote hayo, mbio mbio, akijikwaa.

"Mfanano," mama akasema, akimgeukia Mkunga. "Ulisema nimefanana na mama yako. Na yeye mama yako, alifanana na huyo kaka yake?"

"Shilingi kwa ya pili. Waliowajua walisema ukimwona mmoja umewaona wote wawili."

Mama akapitisha vidole usoni mwake, polepole, kuanzia kwenye paji hadi kidevuni.

"Miaka minne mama yangu alinitazama," alisema. "Amefiwa, hana kazi, hana kwake, na ananitazama mimi." Akagusa tena shavu lake. "Kumbe nilikuwa namliwaza."

Halafu akalia, kilio kikubwa cha wazi, kilio cha mtu aliyetua mzigo, na katikati ya kilio hicho akawa anacheka. Karani akapiga magoti mbele ya kiti, akaanza maneno aliyoyabeba miaka kumi na miwili: mama nisamehe, mimi ndiye niliye...

"Hebu nyamaza kidogo, mwanangu," mama akasema, akimfuta uso kwa kiganja. "Nimefurahi. Usinikatize."