Mkataba wa Watu Wawili

“Pole sana, baba,” alisema binti wa kaunta, akashusha sauti ili watu wa nyuma kwenye foleni wasisikie. “Haya mambo hutokea. Mmeachana lini?”

Fundi Pasi alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za nyumba ya jirani.

“Nimeachana na nani?”

“Wewe na mkeo.” Binti aligonga kioo cha kompyuta kwa kucha. “Huu ni mkataba wa watu wawili. Laini mbili, mume na mke, mnapigiana bila kuhesabu dakika. Umebakiza miezi saba. Mimi nina mwaka wa tatu hapa, na kila aliyekuja kuuvunja kabla ya wakati wake alikuwa ameachana na mwenzake. Wengine hulia hapo hapo uliposimama.”

Fundi Pasi akacheka. Alicheka mpaka mlinzi wa mlangoni akageuza shingo. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini na sita, shati lake limenyooka kama lililokatwa kwenye karatasi, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko kifua chake.

“Sijaachana na mtu, binti yangu. Mke wangu anarudi nyumbani. Leo. Sasa mtu unayekula naye sahani moja, unampigia simu ya nini?”

Binti alifungua mdomo, akaufunga, kisha akajikuta anatabasamu kabla hajapanga kutabasamu.

Kwa miaka kumi na mmoja mke wa Fundi Pasi alikuwa mpishi katika shule ya bweni, mwendo wa siku nzima kutoka hapo. Alikwenda watoto wao mapacha walipoingia sekondari, kwa maneno ya “mwaka mmoja tu tuone.” Mapacha walimaliza shule, wakaoa, wakahamia kwao, na yeye bado alikuwa akikoroga sufuria ambazo mtu angeweza kuogea ndani. Alirudi mara mbili kwa mwaka, wiki mbili mbili. Siku nyingine zote walikuwa na simu.

Kila asubuhi saa nne, wanafunzi wakiwa darasani na vyombo vya chai vimeshaoshwa, simu ya Fundi Pasi ililia huko kwa dobi, alikokuwa akipiga pasi nguo za wateja. Alipachika kifaa cha sikioni, akalisogeza kapu la nguo karibu, akaanza. Kola kwanza, upande wa ndani kisha wa nje. Mabega. Mikono. Kifua akikiacha mwisho, kwa sababu kifua ndicho watu wanachokiona. Na kadiri pasi ilivyokwenda, na maneno yalikwenda. Alimweleza mkewe mashati ya wateja kama mtu anavyoeleza ndugu zake: huyu wa madoa ya wino ameanza kazi mpya, yule kola yake haina jasho tena, nadhani ameacha kazi ya juani. Wakawalea mapacha hivyo. Wakapanga harusi mbili hivyo. Waligombana hivyo pia, na siku hizo suruali zilitoka na mikunjo mikali ya kukata mkate. Povu, mwanamke aliyekuwa akifua kwenye beseni la nyuma, alizoea kusema, “Leo mmegombana, eeh? Nimeona suruali.”

Sasa miguu ya mpishi ilikuwa imechoka na sakafu ya saruji. Alikuwa ameaga, amepewa cheti na saa ya ukutani, na alikuwa njiani na mabegi matatu.

“Haya,” alisema binti, amechangamka. “Kuna ada ya kuvunja mapema, hiyo nimeshakueleza. Namba zenu zitabaki, ila mkitaka kuongea mtaweka salio kama watu wengine. Sasa sababu.” Akasoma kwenye kioo. “Kifo. Talaka. Kuhama nchi. Kutoridhika na huduma.” Akamwangalia. “Yako haipo.”

“Weka ya kuhama.”

“Kuhama nchi, baba. Yeye anahamia chumbani kwako.”

Mtu wa nyuma kwenye foleni alikohoa kuficha kicheko.

“Na jambo jingine,” binti akaendelea. “Mwenye laini ya pili lazima akubali. Nampigia sasa hivi.”

Hapo Fundi Pasi akakuna shingo, maana hakuwa amemwambia mkewe. Alitaka iwe furaha ya kumshtukizia. Alimsikiliza binti akijitambulisha, akieleza, kisha akisikiliza.

“Anasema hajui habari hii.” Binti akamsogezea mkono wa simu juu ya kaunta. “Anakutaka.”

“Mama Pacha.”

“Baba Pacha, kuna nini? Niko njiani, gari limesimama tunywe maji, napigiwa simu naambiwa tunavunja mkataba.”

“Tunavunja wa simu tu.”

“Kwa nini usiuache uishe wenyewe?”

“Uishe wa nini? Wewe si utakuwa hapa?”

Fundi Pasi akabana simu sikioni. Alisikia injini ikinguruma na mtu akiita bei ya kitu.

“Ndiyo hicho ninachokiogopa,” alisema mkewe. “Nisikilize, usikasirike. Kwenye simu wewe ni kasuku. Nikija likizo unakuwa jiwe. Wiki mbili nzima ni ‘umeamkaje’ na ‘chumvi imetosha.’ Mwaka huu niliondoka alfajiri, na ilipofika saa nne ukanipigia, ukanisimulia yote uliyoyaona ndani ya hizo wiki mbili. Mpaka vile nilivyoketi. Nilikuwa njiani nasikiliza likizo yangu mwenyewe. Sasa ukivunja huo mkataba, nitaongea na nani?”

Fundi Pasi aligeuka akaupa uso ukuta. Hakuwa amejua kwamba ameonekana. Ilikuwa siri yake, hiyo hofu. Kila likizo aliamka na maneno kifuani, akamkuta mkewe ameketi kitandani, mzima, mwenye harufu ya sabuni yake, na maneno yote yakatawanyika kama kuku walioona mbwa.

“Na mimi naogopa,” alisema.

“Unasema?”

“Nasema na mimi naogopa. Lakini nikiiacha hii laini iendelee, Mama Pacha, nitajificha humo. Wewe utakuwa jikoni na mimi nitakuwa uani nasubiri saa nne ifike. Najijua.”

Injini ilinguruma tena huko kwa mkewe.

“Mpe binti simu.”

“Unamwambia nini?”

“Namwambia avunje. Ila nikifika, Baba Pacha, usithubutu kuniuliza kuhusu chumvi.”

Binti alisikiliza, akaitika, akaandika. Kisha akamgeuzia kioo aone. Chini kabisa, penye nafasi ya sababu nyinginezo, alikuwa ameandika: mke anarudi nyumbani. “Mfumo umekubali,” alisema, kama aliyetegemea ukatae.

Fundi Pasi alifika nyumbani kabla ya adhuhuri. Alifagia chumba, akafagia tena. Akatundika pazia. Kisha akasimama mbele ya kioo cha kunyolea, akajaribu. “Karibu sana nyumbani, mke wangu.” Ilitoka kama tangazo la redio. “Umekuja, Mama Pacha.” Hilo nalo lilikuwa swali, ama taarifa? Akaacha. Akaweka maji ya chai jikoni, kwa kuwa chai haihitaji hotuba.

Gari lilisimama nje saa tisa. Mkewe alishuka mgongo mbele, akishikilia mlango, mwili wake mpana umefungwa ndani ya gauni la safari, miguu imevimba. Fundi Pasi alibeba mabegi mawili kwa mara moja, dereva akabeba la tatu, wakaingia, dereva akaondoka, na hapo wakabaki wawili. Mke akaketi kitandani. Mume akaketi kwenye kiti. Saa mpya ya ukutani ilikuwa juu ya magoti ya mke, ndani ya boksi lake, inagonga.

“Umefika,” alisema mume.

“Nimefika.”

Akammiminia chai. Mke akanywa. Mume akatazama mikono yake mwenyewe, akatafuta, akatafuta, na mwisho akasikia mdomo wake ukisema:

“Sukari imetosha?”

Mkewe alimtazama juu ya ukingo wa kikombe. Kisha bega lake likaanza kutikisika, akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani. “Imetosha,” alisema. “Asante kwa kutouliza chumvi.” Lakini alipomaliza kucheka alishusha pumzi, na ile pumzi Fundi Pasi aliisikia vizuri.

Mke akainama akafungua begi la kwanza, apate kitu cha kufanya. Nguo zilitoka zimejikunja kama karatasi zilizotupwa. Gauni la kijani, gauni la maua, blauzi aliyovaa siku ya kupewa cheti. Fundi Pasi alijaribu kuangalia pembeni. Alishindwa. Aliinuka, akanyoosha mkono juu ya kabati, akashusha pasi.

“Acha bwana,” mkewe akasema. “Ukiwa nyumbani pumzika.” Ndivyo alivyosema kila likizo. Ndiye aliyekuwa akiificha pasi huko juu, kwa kumhurumia, asije akafanya kazi siku za mapumziko.

“Hili moja tu. Limenitazama vibaya.”

Alitandika blanketi mezani, akanyunyiza maji kwa vidole, akalilaza gauni la kijani. Kola kwanza. Mvuke ukapanda.

“Yule binti wa simu alinipa pole,” alisema, hajainua uso. “Alidhani umeniacha.”

“Wewe!”

“Haki ya Mungu. Kanishushia sauti kabisa. Anasema watu hulia pale. Nikafikiri, na mimi nijaribu kulia kidogo, pengine atanipunguzia ile ada.”

Pasi ikashuka begani, ikaingia mkononi. Akamwambia habari za mlinzi na shingo yake. Akamwambia Povu ametuma salamu na kipande cha sabuni ya kunukia. Alimaliza la kijani akavuta la maua, na mahali fulani kati ya kiuno na pindo akamwambia kwamba kwa miaka yote hiyo amelala upande mmoja wa kitanda, ule wa ukutani, hata siku za joto, hata akijua hakuna mtu. Alilisema hilo kama anavyosema kifungo kimelegea.

Mkewe alikuwa ameweka kikombe chini, anaitazama ile pasi.

“Kumbe,” alisema polepole.

“Kumbe nini?”

“Kumbe hakuna. Endelea.”

Akaendelea. Blauzi. Sketi. Begi la pili. Jua lilihama kutoka mlangoni likafika mguu wa meza, na lundo likazidi kupungua mpaka ikabaki leso moja ndogo ya mkononi, na leso si nguo ya mazungumzo. Mkewe aliitazama ile leso. Kisha akanyoosha mkono taratibu, akalichukua gauni la kijani lililokunjwa vizuri kitandani, akalikusanya mapajani, akalifinya kwa ngumi zake mbili za mpishi, akaligeuza, akalifinya tena, na kumpa.

Fundi Pasi alilipokea. Kwa miaka thelathini alikuwa akitofautisha mkunjo wa safari na mkunjo wa mkono. Alilishika kwenye mwanga, akautazama mkunjo, akamtazama mkewe, ambaye alikuwa anaangalia dari.

Akachovya vidole majini.

“Nilikuwa nimefika wapi?”

“Kitandani, upande wa ukutani,” alisema mkewe, akavuta kiti karibu na mvuke.