Mkono wa Shati la Évode

Mume wangu Usumani aliacha shati chini ya sindano. Aliondoka kwenye cherehani kwenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe, akaniambia nisiliguse, atamalizia akirudi. Hakurudi. Nilipohamia Kinyinya kwa binti yangu Umutoni, cherehani ilikuja vilevile, shati limebanwa palepale, nikaifunika kwa kitenge.

Kwa hiyo Shimwa alipokuja kuniomba cherehani ile, nilimpa chai lakini sikumpa jibu.

Shimwa ni msanii. Yeye na mwenzake Benon walikuwa wanafanya kazi Muhima, mahali palipokuwa na safu yetu ya vibanda kabla haijavunjwa. Kiwanja kimezungushiwa mabati, kinangoja ghorofa, na mwenye kiwanja aliwaruhusu kukitumia kwa muda. Walichora kwa chokaa vyumba vyote juu ya ardhi ileile, kwa ukubwa wake, wakiuliza kila mtu mlango wake ulikuwa wapi na meza yake ilikaa upande gani. Sasa walitaka sauti. Fundi viatu aje na nyundo yake, muuza maharage na kopo lake la kupimia, wao wanase milio yote.

Nilimweleza Shimwa kwamba kanyagio likienda na sindano inakwenda, na mshono ule aliuacha Usumani. Sikutaka mtu mwingine auongeze hata kidogo. Hakubishana nami. Alisema basi nije mwenyewe tu, nione mlango kama wameuchora sawa.

Siku ilipofika sikuweza kwenda mikono mitupu. Benon akaja na gari, tukaipakia cherehani, nikijiambia kwamba itatazamwa tu.

Pale Muhima niliona jambo ambalo sijalisahau. Kuta zilikuwa mistari tu ya chokaa, lakini hakuna aliyeziruka. Kila mtu alizunguka akapita mlangoni. Hata Mukarugwiza, aliyekuwa akiuza maharage chumba cha pili, alisimama nje ya mstari wangu na kupiga hodi. Nikamkaribisha, naye akaingia akilalamika kwamba sijafagia.

Kisha akaja Évode. Évode amebeba magunia sokoni Nyabugogo tangu ujana wake, na bega lake la kulia limeshuka, ndiyo maana Usumani alimkatia mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Alikuwa akimtania kwamba anamshonea watu wawili kwa bei ya mmoja. Évode aliinua kitenge, akalitambua shati lake.

"Kumbe iko hapa," akasema. "Nilizani mzee aliivaa mwenyewe."

Watu wakacheka. Mimi nilishindwa kucheka, nikamweleza kwa nini halijamalizwa. Alirudisha kitenge taratibu, akakinyoosha.

"Basi iache, mama. Mashati ninazo. Mimi nilikuja kusikia ile mashine inagonga."

Kanyagio la cherehani ile lina kitu kilicholegea, kila mzunguko kinagonga mara moja. Usumani hakukikaza kamwe. Mimi nilidhani mlio ule ni wa nyumba yangu peke yangu, na kwamba nimebaki nao mimi tu.

"Asubuhi napanda kutoka Nyabugogo na gunia," Évode akaniambia, "macho iko chini, sioni mbele. Nikisikia ile ko, ko, najua kilima imeisha."

Mukarugwiza aliitikia kwa kichwa. Fundi viatu naye alisema alikuwa akipiga nyundo kwa kuufuata mlio huo.

Nikakaa kwenye stuli. Ningeweza kulegeza gurudumu, kanyagio ligonge bila sindano kushuka. Sikulilegeza. Usumani hakuwahi kukanyaga bure. Shimwa akasogeza kinasa sauti, akaniangalia, nami nikaweka miguu.

Ko, ko, ko. Kila mtu alisimama ndani ya chumba chake cha chokaa. Mukarugwiza alishikilia kopo lake la kupimia bila kumimina. Nilizungusha mkono wa shati mpaka mshono ukakutana na mwanzo wake, nikakata uzi. Ukiangalia vizuri utaona pale mshono ulionyooka wa Usumani unapokoma na wangu unapoanza kuyumba.

Évode alilivaa juu ya shati alilokuja nalo. Mkono wa kulia ulimfikia kifundoni sawasawa. Nilimwambia asante. Akasema mimi ndiye wa kushukuriwa, shati si lake? Sikumfafanulia. Nilimshukuru tena, nikamshukuru Shimwa na Benon, na nyumbani nilimshukuru Mungu kwa ajili yao wote.

Sasa cherehani iko dirishani, bila kitenge, na ninashona mapazia ya Umutoni. Juzi alilalamika kwamba kanyagio linapiga kelele, nikaze ile kitu. Nimemwambia aiache. Kinyinya nako kuna kilima, na huenda kuna mtu anapanda.