Kidaraja cha Nyuma ya Jiko

Mama mkwe alianguka kwenye kidaraja cha nyuma ya jiko, kile cha kuvukia mtaro kwenda chooni. Ubao ulikuwa umeoza kwa chini. Kwa juu ulionekana mzima. Nyonga ilipona, lakini tangu hapo alishikwa mkono kila anapokwenda chooni, na aibu hiyo ilimuuma kuliko nyonga.

Baba watoto alitaka mbao tena, ila ngumu zaidi. Fundi alitaka bamba la chuma. Mimi nina diploma ya ujenzi, sibishani kwa mdomo mtupu. Nikalaza vipande vitatu chini ya bomba la kufulia: mbao, chuma, na ule ubao wa plastiki iliyochanganywa na unga wa mbao. Masika yote vikamwagiwa maji ya sabuni. Chuma kilishika kutu pale rangi ilipochubuka. Mbao ililiwa na mchwa kimyakimya, upande wa chini. Kile cha tatu nilikifuta kwa kitambaa, basi.

Fundi akakubali kwamba Mama Diploma ameshinda. Akafunga mbao za plastiki juu ya boriti mbili zilezile za pembeni, kama nilivyomwagiza.

Saa nane mchana, jua kali, mama mkwe akajaribu. Hatua mbili, akasimama, akarudi kinyumenyume.

"Mkwe wangu, huu hauozi, sawa. Lakini unabonyea. Mimi siupandi."

Nikapanda mwenyewe. Kweli, katikati ulibonyea kama godoro. Fundi akajifanya anatafuta nyundo. Kosa lilikuwa langu. Vipande vyangu vililala chini masika nzima, havikubeba hata ndoo. Boriti zile zimeachana sentimita tisini. Mbao ngumu huvuka nafasi hiyo bila shida, plastiki ikipata joto hulegea.

Baba watoto alicheka hadi akakaa chini. Nikamwambia akimaliza alete msumeno wa chuma.

Tukaongeza boriti mbili za chuma katikati, kila palipochomelewa pakapakwa rangi mara mbili. Kesho yake, saa nane ileile, nikamnyooshea mama mkwe mkono. Akaupita kana kwamba hauoni. Akavuka na fimbo yake, akaingia, akafunga komeo.

"Bado umesimama hapo?" akauliza kutoka ndani. "Nenda kaangalie jiko."